Udi wa babu una ufa na daraja limeachia: nimpe seremala?

*Shikamoo fundi. Babu yangu mzaa mama alikuwa akipiga udi kwenye taarab hapa Tanga. Alipofariki, udi wake uliwekwa juu ya kabati ukasahaulika miaka mingi. Sasa nimeushusha. Usoni una ufa kuanzia kwenye daraja hadi chini, daraja lenyewe limeinuka kwa nyuma, na mgongoni mbavu tatu zimeachana upande wa chini. Vigingi vimekwama, nyuzi hazipo. Jirani yangu ni fundi seremala, anasema ataupaka gundi ya mbao, aupige msasa wote kisha aupulize vanishi uonekane mpya. Shangazi yangu aliyeko Muscat naye anautaka. Nimpe seremala, au naweza kuufanya mwenyewe? Na je, utalia kama zamani?*

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo jema kuushusha, na jema zaidi kuuliza kabla hujaukabidhi. Jibu la haraka: usimpe jirani yako aufanye hivyo alivyosema. Simsemi vibaya. Kwa meza na milango ndivyo kazi inavyokwenda, na baadaye nitakuonyesha pale utakapomhitaji. Lakini gundi ya mbao, msasa na vanishi ni vitu vitatu ambavyo vimemaliza udi nyingi za pwani hii kuliko mvua na panya.

Tuanze na msasa. Uso wa udi ni ubao mwembamba wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaoota nchi za baridi, na unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 1.5 na 2. Msasa ukila nusu milimita tu, umeondoa robo au hata theluthi ya uso wote, na hakuna wa kuirudisha. Vanishi nayo: uso wa udi mara nyingi huachwa mtupu, bila kupakwa chochote, ili utikisike vizuri. Ukiupuliza vanishi nzito, mbao inainywa, inakuwa nzito na ngumu, na sauti inafifia. Yale madoa na ile rangi ya asali unayoiona usoni ni umri wa ala. Uyaache.

Gundi nyeupe ya seremala ina kasoro mbili. Kwanza, haikakamai kabisa. Ikibebeshwa mzigo wa kudumu, hasa kwenye joto la mchana la Tanga, huteleza kidogo kidogo. Nyuzi 11 za udi zikikazwa huvuta kwa jumla kiasi cha kilo 35 hadi 40, usiku na mchana, na mzigo wote unaishia kwenye daraja, kile kipande cha mbao usoni zinapofungwa nyuzi, ambalo limeshikwa na gundi peke yake bila msumari wala skrubu. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, gundi hiyo ikishaingia kwenye vinyweleo vya mbao haitoki, na gundi nyingine haishiki vizuri juu yake. Fundi atakayeufungua udi huo baada ya miaka 20 atalazimika kukwangua mbao yenyewe. Udi za zamani ziliungwa kwa gundi ya ngozi, ambayo huachia ikipata unyevu na joto. Ala hizi zilitengenezwa zikijulikana kwamba siku moja zitafunguliwa. Kwa hiyo kipimo changu kwa kila hatua ni hiki: ninachokibandika leo, je, mwingine ataweza kukibandua bila kuharibu? Kama hawezi, sikibandiki.

Sasa, kabla ya gundi yoyote, ujue una nini mkononi. Usitie nyuzi, hata moja ya kujaribia. Futa vumbi kwa brashi laini, halafu kwa pamba yenye unyevu kidogo sana, ukifuata mwelekeo wa nyuzinyuzi za mbao. Mafuta ya nazi, mafuta ya taa, dawa ya kung'arishia samani, vyote viweke mbali. Mbao tupu huyanywa, na mahali palipokunywa mafuta gundi haitashika tena.

Washa tochi ndogo, imulike kupitia tundu la uso, na upige picha za ndani kwa simu. Kioo kidogo cha daktari wa meno, chenye mpini, kitakusaidia kuona upande wa chini wa uso. Tafuta karatasi iliyobandikwa ndani ya mgongo, mkabala na tundu. Mara nyingi huwa na jina la fundi, mji na mwaka, kwa herufi za Kiarabu, na mwaka unaweza kuwa wa Hijria: ukikuta 1345, hiyo ni 1926 au 1927. Sitashangaa ikisema Cairo. Taarab yetu imefungamana na mji ule tangu enzi za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, ambaye husimuliwa kuwa alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda kujifunza kupiga qanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, huko, na Mtaa wa Mohamed Ali mjini Cairo umejulikana miaka mingi kwa maduka ya ala za muziki. Lakini ukikuta jina la Nahat wa Damascus, au Manol wa Istanbul aliyefariki 1915, simama hapo hapo. Hizo ni ala zinazotafutwa duniani kote, na kazi yake si ya kujifunzia.

Angalia pia kama mbao zimebunguliwa na wadudu. Matundu madogo ya zamani si tatizo kubwa. Tatizo ni unga mpya. Laza udi juu ya karatasi nyeusi wiki kadhaa bila kuusogeza. Ukiona unga mwembamba umeanguka, wadudu wako hai, na hilo litatangulia mengine yote.

Kisha gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, kuanzia kwenye tundu hadi ukingoni. Chini ya uso kuna mihimili, vijiti vya mbao vilivyobandikwa kukatisha upana wake. Mahali mhimili ulipoachia utasikia mtatariko, kama vile kuna kitu kimelegea ndani. Weka alama ya selotepu ya karatasi kila unapousikia. Hapa ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Ukisikia mtatariko mahali pamoja tu, au husikii kabisa, kazi nyingi iliyobaki unaweza kuifanya mwenyewe kwa subira. Ukiusikia sehemu tatu nne, na uso umebonyea sana mbele ya daraja, basi uso wote unatakiwa kubanduliwa ili mihimili ibandikwe upya, na hiyo ni kazi ya mtu aliyekwisha kuifanya. Kubonyea kidogo, milimita moja au mbili kati ya daraja na tundu, ni kawaida kwa udi uliopigwa miaka mingi. Usihangaike nako.

Weka pia rula ndefu iliyonyooka juu ya shingo, ifike hadi kwenye daraja. Kama shingo imevutwa mbele kiasi kwamba nyuzi zitakuwa juu sana, tuseme zaidi ya milimita 4 au 5 pale shingo inapokutana na mwili, tatizo liko kwenye kiungo cha shingo. Watu hulitibu kwa kulikata daraja liwe fupi. Hiyo ni kuuficha ugonjwa kwa kuharibu kitu kizima.

Tufike kwenye gundi, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani haipatikani. Jelatini ya kupikia, isiyo na rangi wala sukari, ile ya ng'ombe inayouzwa kwenye maduka makubwa, ni gundi ya ngozi iliyosafishwa. Pima kwa mizani sehemu moja ya jelatini na sehemu mbili za maji baridi, acha nusu saa mpaka chembe zote zivimbe. Kisha weka kikopo chake ndani ya sufuria ya maji moto, nyuzi joto 60 hivi. Usiichemshe hata mara moja. Ikizidi sana hapo inapoteza nguvu. Iko tayari ikitiririka kutoka kwenye brashi kama shira iliyopoa. Tia tone kati ya kidole gumba na cha shahada, bonyeza na kuachia: ikianza kuvuta nyuzi nyembamba ndani ya muda mfupi, ni nzuri. Halafu ijaribu kwenye vipande viwili vya mbao visivyo na kazi. Kesho yake vivunje. Inatakiwa ivunjike mbao, si kiungo. Isipokuwa hivyo, usiusogelee udi.

Gundi hii ina haraka. Ikipoa kabla mbao hazijakutana, imekufa. Ndiyo maana funga dirisha, zima feni, pasha sehemu unayobandika kwa draya ya nywele mpaka iwe vuguvugu mkononi, na fanya zoezi la kubana bila gundi mara kadhaa mpaka mikono izoee. Masika usibandike, subiri kipindi kikavu, na hata hapo kila kiungo kipe siku mbili kabla ya kukigusa.

Anza na mgongo, kwa sababu ni rahisi na utakufundisha. Mbavu zilizoachana zisafishe kwa maji ya moto na brashi ndogo mpaka gundi ya zamani ilainike. Usiingize kisu kukwangua mbao. Ukikwangua, mbavu hazitakutana tena. Ingiza gundi moto kwa brashi au bomba la sindano, bana kwa mkono, futa inayotoka, kisha zungushia vipande virefu vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Hakuna klampu ya duka inayoshika mgongo wa mviringo vizuri kuliko mpira huo. Ndani ya mgongo, kwenye maungio, mara nyingi kuna tepe za karatasi au kitambaa zilizobandikwa na fundi wa kwanza. Zikiwa zimeng'oka, zirudishe zilezile.

Ufa wa uso unataka utulivu zaidi. Mbao husinyaa kukatisha nyuzinyuzi zake kuliko kwa urefu, na juu ya kabati, karibu na bati, ndipo mahali pa joto kuliko pote chumbani. Uweke udi kwanza mahali pa chini penye kivuli, wiki chache, uone kama ufa unajifunga. Ukiweza kuufunga kwa kubonyeza kwa vidole pande mbili, unahitaji gundi tu, nyepesi kidogo kuliko ile ya mgongo. Ipake juu ya ufa, kisha bonyeza na kuachia uso taratibu kando ya ufa; utaiona gundi ikinyonywa inaingia, na ukirudia mara nne tano itatokea upande wa pili. Futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, weka karatasi ya nailoni, na juu yake kifuko cha mchanga.

Usipofungika, usiujaze kwa unga wa mbao na gundi. Unga huo hauna nyuzinyuzi. Utapasuka pembeni mwake. Panahitajika kipande chembamba cha sprusi kilichochongwa kukaa ndani ya ufa, nyuzinyuzi zikielekea kulekule. Sprusi kuukuu hupatikana kwenye piano iliyokufa au gita lililovunjika, mradi uso wake uwe wa mbao halisi, si plaiwudi. Na hapa ndipo jirani yako seremala anapoingia. Mtu mwenye randa iliyonolewa vizuri anaweza kukupasulia ubao wa nusu milimita, jambo ambalo wewe na mimi tungelihangaikia siku nzima. Muonyeshe ufa, muonyeshe mwelekeo, umuombe kipande, na umlipe jasho lake.

Kisha ufa uungwe mkono kwa ndani na vibandiko: vijipande vya sprusi vya sentimita 1 hadi 1.5, vyembamba, nyuzinyuzi zake zikikatisha ufa. Mkono haupiti kwenye tundu, kwa hiyo tunafanya hivi. Kabla ya kuufunga ufa, pitisha ndani yake uzi mwembamba wa gita, ule wa chuma, ukiingilia juu na kutokea kwenye tundu. Kwenye mwisho uliotokea, funga kibandiko chenye kitundu katikati na fundo chini yake. Kipake gundi, kisha vuta uzi kwa juu mpaka kibandiko kiinuke na kukaa chini ya uso mahali pake. Kishikilie kwa kuzungusha uzi kwenye kijiti mpaka gundi ishike. Baadaye uzi unakatwa, na kinachobaki usoni ni alama ndogo kuliko ncha ya kalamu. Vibandiko viwili au vitatu vinatosha kwa ufa kama wako. Kila kimoja ni uzito ulioongezwa usoni.

Daraja. Ingiza ukingo wa karatasi nyembamba chini yake kwa nyuma. Ikiingia zaidi ya milimita 3, daraja litoke lote na kubandikwa upya, kwa sababu kuchomeka gundi kwenye mwanya huishia kushika juu ya uchafu. Kwanza zungushia selotepu ya karatasi kuonyesha lilipokaa, na upime urefu kutoka kwenye mfupa wa juu ya shingo hadi ukingo wa mbele wa daraja. Uandike mahali pa usalama. Udi za Kiarabu huwa karibu sentimita 61, za Kituruki 58.5, na daraja likihama hata milimita chache sauti hazitakaa sawa mahali babu yako alipozoea kuweka vidole. Kisha pasha kisu chembamba butu kwenye maji moto, kifute, kipitishe polepole kutoka upande ulioinuka. Kikigoma, pasha tena. Usilazimishe, nguvu zikizidi nyuzinyuzi za uso huondoka na daraja. Likitoka, safisha pande zote mbili kwa kitambaa cha moto, acha zikauke, pasha, paka, weka, na likandamize kwa kifuko cha mchanga, ukiwa umelaza udi kwenye mto ulioshika mgongo wote.

Vigingi, vile vya kukazia nyuzi, visikutishe. Havijaharibika, vimevimba tu. Usitumie koleo. Weka udi mahali pakavu siku chache, halafu gonga ncha nyembamba ya kigingi kwa kijiti na nyundo ndogo ya mbao huku mwenzako ameshika kichwa kwa chini. Vipe namba kwenye karatasi kadiri vinavyotoka, maana kila kimoja kimechakaa kulingana na tundu lake. Kabla ya kuvirudisha, sugua chaki na sabuni kavu ya mche pale kinapogusa tundu: chaki inashika, sabuni inatelezesha. Kama kimoja kimepotea, mpingo unafaa, ila kichongwe kiguse matundu yote mawili, si moja.

Kama itabidi uso ufunguliwe, wasiliana na wapigaji wa Unguja. Kwenye chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanza 2002 na kinachofundisha udi na qanuni, watakuelekeza nani anaaminika kwa sasa. Na yeyote atakayeufungua, mwombe jambo moja: apige picha na kupima mahali kila mhimili ulipo na unene wake kabla hajabandika chochote. Fundi wa zamani hakuacha maandishi. Vipimo hivyo ndivyo elimu yake iliyobaki, na udi za kizazi cha babu yako zinazidi kupungua.

Kuhusu sauti, nitakwambia ninavyoamini. Hautalia sawasawa na unavyoukumbuka, angalau si mwanzoni. Nyuzi zitakuwa mpya, gundi mpya, na uso uliokaa kimya muda mrefu huanza kwa sauti ya kubana. Upigwe kila siku kwa miezi kadhaa, utafunguka. Kitu kimoja usikijaribu kamwe: nyuzi za chuma za gita. Hizo huvuta zaidi ya kilo 70 kwa pamoja, na zitang'oa daraja pamoja na kipande cha uso. Nunua nyuzi za udi, za nailoni na zilizozungushiwa waya, za urefu ule ulioupima. Kwa kupanga kwa Kiarabu, kuanzia nene, ni do, fa, la, re, sol, do. Zikaze kwanza sauti mbili kamili chini ya hapo, ziache siku tatu nne, ndipo upandishe, huku ukichungulia nyuma ya daraja kila asubuhi.

Na shangazi? Sina neno juu ya nani aurithi, hilo ni la ukoo. Ila udi uliozoea unyevu wa Tanga ukipelekwa moja kwa moja kwenye nyumba ya Muscat yenye kiyoyozi usiku na mchana, utapasuka upya, na ufa uliouziba huenda ukawa wa kwanza kufunguka. Ukiamua kumpelekea, usiende kabla haujapigwa hapa angalau msimu mzima. Ulegezwe nyuzi, upande nawe ndani ya ndege badala ya kuwekwa kwenye shehena, na huko ukae ndani ya sanduku lake pamoja na kipimo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 45 na 55, chumba kisichopulizwa moja kwa moja. Kwa sasa nitumie picha tatu: karatasi ya ndani, daraja kwa ubavuni, na rula ikiwa juu ya shingo. Nikiziona nitakwambia kama ni kazi yako au ya fundi.